Waya Uliozunguka Jiko

Niliondoka Mlandege, Iringa, asubuhi moja bila kumuaga mtu, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba naondoka. Nilikuwa nimeshuka Ipogolo kutazama malori, kama nilivyozoea tangu nilipoacha shule. Dereva mmoja alikuwa amepasukiwa gurudumu. Nikamsaidia kulifungua, nikamuuliza jeki ndogo vile inawezaje kuinua mzigo mkubwa vile, nikazidi kumuuliza mpaka akasema, "Panda juu ya magunia, hayo mengine utaniuliza mbele." Siku ya pili alinishusha Mbeya, nimekuwa mwekundu kwa vumbi.

Huko nilipata kazi kwa fundi umeme aliyepanga chumba Ilomba. Yeye alikuwa Mngoni na mimi Mhehe, makabila ya utani, kwa hiyo hatukuhitaji kujuana kwanza. Mbwa wa jirani alipita mlangoni, fundi akapaza sauti, "Mfungieni huyo mbwa, Mhehe amefika na njaa!" Nikamwambia kwamba Wangoni walitembea kutoka kusini njia yote ile kwa kuwa kila walipofika walifukuzwa kwa uchafu. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikambebea mfuko wa vyombo.

Alinifundisha waya. Aliukata, akanionyesha nyuzi za shaba ndani yake, akanifanya nizihesabu kwa kidole. Waya unaoitwa saba kwa ishirini na tisa una nyuzi saba nyembamba. Saba kwa sitini na nne ni saba pia, lakini nene. "Idadi ni ile ile," alisema, "usidanganyike na idadi." Kuhusu umeme unavyopungua ukitoka mbali alinipa mfano ambao sijausahau. Ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani wa karibu, unafika nalo bado jekundu. Ukiliomba kwa jirani wa mbali, unafika umeshika jivu. "Basi ukitaka kutoka mbali, beba kaa kubwa."

Mwaka uliofuata tuliitwa na karani mmoja wa ofisi ya serikali, Mnyakyusa, mmoja wa Waafrika wachache waliokuwa na umeme nyumbani wakati ule. Baba yake alikuwa amerudi kutoka migodi ya Afrika Kusini akiwa na kifua kibovu. Mama alikwisha kufa, na karani alikuwa mtoto pekee. Daktari alisema mzee asikae kwao milimani kwenye ukungu, akae Mbeya, karibu na hospitali. Mzee akakubali kwa sharti moja: apate mahali pa kufanya kazi. Mwanawe akampa gereji iliyokuwa mwisho wa ua, mbali na nyumba, na mzee akalala humo humo. Gari halikuwemo. Mlikuwa na mashine ya kuchonga vyuma na mota kubwa aliyoinunua kwenye mgodi uliofungwa kule Chunya. Kati ya vitu vyote alivyorudi navyo au kuvipata baadaye, hiyo mota ndiyo aliyoifuta vumbi kila asubuhi.

Kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi kwamba wanaoneana haya kama kwetu Iringa, hawaonani kabisa. Mke wa karani aliweka chakula cha mzee juu ya kigogo kilichokuwa katikati ya ua, akagonga mfuniko wa sufuria mara mbili, akaingia ndani na kufunga mlango. Ndipo mzee alipotoka kukichukua. Niliona jambo hilo siku ya kwanza na kulishangaa. Siku ya tatu niliona jinsi yule mama alivyokifunika chakula kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Wakati huo gereji ilikuwa na taa moja tu, na fyuzi yake ilikuwa ndani ya nyumba, ukutani kwenye ukumbi.

"Fyuzi ikikatika asubuhi nakaa gizani mpaka mwanangu arudi kazini," mzee alituambia. "Mle siingii. Nataka bodi yangu ya fyuzi humu, na swichi yangu. Mashine ikizunguka, nakaa Mbeya. Isipozunguka, narudi kwetu. Siwezi kuwa mtu wa kugongewa sufuria tu."

Karani alitusindikiza hadi barabarani. "Mkimfanya akae," alisema, "mmenipa baba." Akageuka haraka, nasi tukajifanya hatukuona.

Mimi ndiye niliyepima. Nilivuta kamba ya katani kutoka ukutani kwenye swichi kubwa, nikapita nyuma ya jiko, nikavuka ua hadi gereji: yadi thelathini na tano, mstari ulionyooka. Karani alikuwa amesimama pale akinitazama. Hakunizuia. Baadaye alinieleza kwamba alidhani ile ni hesabu ya kwanza tu, kwani hakuna mtu asiyejua kwamba kitu cha baba mkwe hakipitishwi jikoni kwa mkamwana.

Dukani fundi alichagua waya wa kuzikwa, wenye ganda la madini ya risasi, saba kwa sitini na nne. Mhindi mwenye duka aliuliza kama tunawasha kiwanda.

"Mota inapoanza," fundi alimjibu, "inakunywa umeme mara tano ya inavyokunywa ikishashika mwendo. Ukipima kwa taa utalia."

Lilikuwa ndilo roli la mwisho la waya ule dukani. Zilibaki yadi arobaini, tukazichukua zote.

Siku mbili baadaye fundi aliitwa Chunya kwa kazi ya majuma mawili. "Mhehe, chimba, tandaza, fukia," aliniambia. "Ukikwama nisubiri. Na usiunge waya. Ukiunga nitakurudisha kwenu ukawachunge hao mbwa badala ya kuwala."

Nilikuwa nimepiga majembe machache tu nyuma ya jiko nilipomsikia mzee akiita kutoka mlango wa gereji, amegeuza uso pembeni ili asilitazame jiko.

"Unachimba wapi, mwanangu?"

"Njia ya waya, mzee."

"Na siku ikiharibika, nani atafukua? Mimi? Mlangoni kwa mkamwana?"

Nikaliweka jembe chini. Alinionyesha njia yenyewe: kuzunguka ua wote kwa nje, kufuata migomba, na kuingia gereji kwa nyuma. Nikaipima. Ilikuwa zaidi ya yadi themanini.

Nikaenda dukani, waya mnene haukuwepo, na Mhindi hakujua lini utaletwa. Nikarudi. Kila siku mzee aliniuliza kwa upole, "Bado?" Kila siku nilimkuta amefunga vitu vyake zaidi kidogo, kama mtu anayejizoeza kuondoka. Nami nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza kunijibu kila swali nililouliza, juu ya lifti zinazoshuka chini ya ardhi na pampu zinazovuta maji kutoka huko.

Chumbani kwa fundi mlikuwa na kipande kirefu cha waya, saba kwa ishirini na tisa, kilichobaki kwenye kazi nyingine. Nikajiambia kwamba nusu ya njia itakuwa nene, na nusu nyembamba haitakuwa na neno. Nilijua si kweli. Nikaunga chini ya mgomba, nikafunga kiungo vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufunga, nikafukia, nikakaza ncha moja ukumbini na nyingine kwenye bodi mpya ya gereji.

Mota ilipowashwa mara ya kwanza, fyuzi ya nyumbani ilikatika. Nikaingia ukumbini nikaifunga waya mnene zaidi wa fyuzi ili isikatike tena. Mara ya pili mota ilinguruma bila kuzunguka, taa ya gereji ikawa nyekundu kama mkaa. Mzee aliusukuma mkanda wa mashine kwa mkono. Ukaanza kwenda, polepole. Alinitazama akicheka kwa furaha, nami nikacheka naye.

Ilizunguka siku mbili. Siku ya tatu ilikwama katikati ya kazi, na kwa kuwa fyuzi haikukatika, mzee alipoifikia swichi yake mota ilikuwa imeungua. Nilikuta gereji imejaa harufu ya vanishi iliyoungua. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya mota, ingawa ilikuwa bado ya moto.

"Waya ni ule ule aliochagua fundi?" aliuliza.

"Nusu," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuniuliza nusu nyingine ni ipi. Jumamosi alipanda basi la Tukuyu. Kwenye kigogo chakula chake kilikaa mpaka jioni, kwa sababu yule mama alikuwa ndani amefunga mlango na hakuona alipoondoka.

Fundi aliporudi alifukua kiungo, akakitazama, akafuta mikono yake. Hakunitania. Nilingoja siku nzima anitajie mbwa, hakumtaja. Asubuhi iliyofuata nikachukua mfuko wangu wa vyombo nikaenda kituoni.

Nilifika kwao mzee alasiri, juu ya Tukuyu, ukungu umefunika migomba hata sikuona nyumba mpaka nilipokaribia mlango. Alikuwa ameketi kizingitini kwa mdogo wake, amejifunga blanketi, mikono haina kitu. Nilimsikia akikohoa kabla sijamwona.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja mbali." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Ungeniambia ni mwembamba, ningengoja. Nimengoja migodini miaka mingi."

Akamwita mke wa mdogo wake kwa Kinyakyusa, na yule mama akanitandikia mkeka katika nyumba ya pili, penye magunia ya kahawa, akaniletea maji ya moto ya kunawa miguu.

"Utalala hapo," mzee alisema. "Kaa siku utakazotaka." Kisha akaona begani kwangu koleo na bisibisi zikichungulia mfukoni. Akageuza uso, kama alivyougeuza siku ile mlangoni pa gereji.

"Huo mfuko uache nje."

Nikautundika chini ya paa, mvua isipofika, nikaingia.