Nilipolala Nikimlisha Mama Shanta

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nililala nikiwa nimeshika kijiko. Si nyumbani. Nilikuwa wodini, katika hospitali moja ya hapa London, nikimlisha mgonjwa uji.

Umeniambia umepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu ya uuguzi, ile ya vitendo, inayosomwa huku mtu akiendelea na shifti zake. Nimefurahi. Nami niliisoma, ndiyo maana nazungumza nawe nikiwa nimeketi. Magoti haya hayanitaki tena.

Utafiti wangu ulihusu namna ya kuwalisha wazee wasioweza kujilisha. Asubuhi wodini, jioni naandika, Jumapili nasinzia kanisani kule Tottenham, hata mama mchungaji akadhani nimezama katika sala. Binti yangu Neema aliacha kuniita kula. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa Kiingereza, kama watoto wa huku, kwamba hata nikija mezani huwa sipo. Nikamkemea, nikarudi kuandika.

Mama Shanta alikuwa bibi wa Kihindi kutoka Neasden, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili alikuwa hajakisahau. Kiharusi kilikuwa kimeilegeza mikono yake. Mchana ule nilinyoosha kijiko, usingizi ukanichukua, uji ukamwagikia kifuani. Sauti yake ndiyo iliyoniamsha.

"Wewe mtoto, keti. Mgonjwa hapa nani, mimi ama wewe?"

Nilimwomba radhi nikimfuta, machozi yananitoka. Nikamweleza habari ya masomo na ya Neema, na kwamba nikisimama kidogo wenzangu wataniacha.

"Wakuache," akasema. "Chuo hakiendi popote. Mtoto anakua. Mimi na marehemu mzee tulikaa dukani maisha yote, watoto wakalelewa na yaya. Sasa wanakuja kunitazama, wanaangalia saa."

Nikaleta uji mwingine, nikamlisha polepole mpaka akashiba.

Wiki ile nilimwendea msimamizi wangu chuoni, nikaomba kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja. Wapo waliosema nimeshindwa. Iliniuma, sikufichi. Wala Neema hakunirukia kwa furaha. Alichukua muda kunizoea. Niliporudi chuoni, Mama Shanta alikuwa ameshafariki. Nilimaliza nyuma ya wenzangu wote, nimechoka. Wodi ile mpaka leo huwalisha wazee kwa utaratibu uliotokana na utafiti wangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza ulinichukua muda gani.

Basi soma, mwanangu, sikukatazi. Elimu haina mwisho, lakini mwili unao, na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukielemewa, sema mapema, kwa msimamizi na kwa watu wako. Kuomba mapumziko si kushindwa. Na usiwaahidi wapendwa wako kwamba utakuwa nao ukishahitimu. Kuwa nao sasa, hata kwa saa moja ya uchovu.

Mungu akupe nguvu ya kuanza na busara ya kupumzika. Na siku utakayovaa joho, akujalie watu wanaokufahamu wa kukupigia vigelegele.