Nilimwombea mama mkwe apumzike, kumbe nilimfunga mdomo

Halafu msije mkadhani ninamlalamikia mume wangu, hapana. Najua ukurasa huu hujaa wanawake wanaolia juu ya waume zao, na mimi nimekuwa nikiwasoma nikiwahurumia. Wangu ni tofauti jamani. Nina miaka ishirini na mbili, tulioana msimu uliopita baada ya mavuno, na mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli yake moyo unanidunda kama siku aliyokuja kwetu Makanyagio kujitambulisha, shati limeloa jasho, akashindwa hata kumaliza chai. Jina langu naomba mlifiche kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe haimhusu yeye. Inamhusu mama yake.

Mume wangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia huku upande wa Majimoto na ng'ombe wao, yeye akiwa bado ananyonya. Watu wa kitongoji chake walichoka kuona watoto wakienda mbali kusoma na kurudi wamelowa, wakafyatua matofali, wakaezeka nyasi, wakapata madarasa mawili yao wenyewe. Aliyewasukuma kuliko wote ni mama mkwe wangu, mjane, anayekaa peke yake na mjukuu aliyeachiwa na binti yake anayeishi Ilembo. Mwalimu hawakuwa naye. Basi nilipofika tu, bi harusi mwenye kidato cha nne, kamati ya wazazi ikakaa na kusema, "Mwalimu Mungu kamleta mwenyewe, tena kwa mahari ya mwenzetu!" Walicheka sana siku ile, na mimi nilifurahi nikajiona malkia.

Mshahara hawana. Walichopanga ni kwamba kila nyumba yenye mtoto shuleni inatoa mtu mzima wa kulima jaruba langu la mpunga kwa zamu, mimi nikiwa darasani. Na nyumba isiyoingia zamu haina sauti mkutanoni. Niliyakubali yote bila kufikiri.

Siku moja wakati wa palizi nikageuka kutoka ubaoni, nikachungulia dirishani. Mama mkwe wangu alikuwa ndani ya jaruba langu, maji yamemfika magotini, kainama anang'oa majani. Mimi mkamwana, ambaye kwa mila ningepaswa kuinama kwenye shamba lake, nimesimama kivulini na chaki mkononi! Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, yule si mkwe wako?" Darasa zima likageukia dirishani. Nikatupa chaki, nikakimbia nje, nikavua viatu, nikaingia matopeni.

"Mayu, toka, nitamaliza mimi," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma chao.

Hata hakuinuka. "Rudi kwa watoto, mwanangu. Unanichafulia zamu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa naye akapiga kigelegele cha dhihaka. "Bi harusi wa chaki huyo! Usiku analishwa wali na mwana, mchana anapaliliwa na mama!" Wakacheka wote, hata mama alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani nikalia. Mume wangu, mpenzi wa roho yangu, alinifuta machozi kwa ncha ya kitenge changu akasema, "Mama hana neno na wewe. Liache kama lilivyo." Laiti ningemsikiliza! Lakini nilikuwa naona wanawake wote wa kitongoji wakinisema visimani. Mkutano wa wazazi ulipokaa, nikasimama nikaomba kwa adabu kabisa mama mkwe wangu aondolewe kwenye zamu. Mwenyekiti akasema ombi la bi harusi halikataliwi, watu wakapiga makofi.

Mama akaniangalia. "Nani kakutuma, mkamwana?"

Nilidhani anaona haya kushukuru mbele za watu.

Kisha, mkutano uleule, yakaletwa mazungumzo makubwa, kama shule ikabidhiwe serikali ili iletewe walimu, au ibaki mikononi mwa wazazi. Mama alikuwa na lake. Kwa wiki nzima alikuwa akituambia jikoni kwamba shule ikabidhiwe, sawa, ila kwanza waahidiwe kwamba likizo itaendelea kufuata upandaji wa mpunga, la sivyo watoto wa wafugaji na wakulima wataitwa watoro. Akanyoosha mkono. Mwenyekiti akatabasamu, wala hakuwa na ubaya, akasema, "Mama, wewe si umepumzishwa? Waachie wenye zamu." Watu wakacheka kidogo. Mama akateremsha mkono taratibu, akaupangusia kwenye khanga kama vile ulikuwa na tope. Hakuna mwingine aliyelisema neno lake. Na mimi, mwalimu, nilikuwa nimekaa mbele, nikanyamaza.

Uamuzi uliahirishwa. Lakini mama alikwishachukua mjukuu, wakaenda Ilembo kwa binti yake huyo, akasema hana kazi tena kwenye shule ile. Mume wangu hajanigombeza hata mara moja. Bado ananiita ua lake, bado ananiletea miwa kutoka mnadani, na kila akinibembeleza namwona mama yake machoni mwake, nainamisha uso.

Wapendwa wasomaji, nipeni akili. Nikiomba kamati imrudishe kwenye zamu, nitakuwa namwita mkwe wangu hadharani aje aniinamie matopeni, na hiyo fedheha nitaibeba kila palizi. Nikiacha ualimu ili nikamlimie yeye, watoto wanabaki bila mtu. Ninyi mngechagua lipi, na mbele yake ningeanza na neno gani? Andikeni upesi, maana nimekwishamtumia salamu kwa mchuuzi mmoja wa mpunga: "Mayu, usinipikie, usinitandikie. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika hapo Ilembo."