Ufunguo Shingoni

Mwenye nyumba ameifungia ruta kwenye kabati la vyombo, na ufunguo ameuvaa shingoni. Kila akitaka kuingia kwenye mipangilio ya ruta, huikumbatia simu kifuani na kumwamrisha mpangaji wake anayesubiri intaneti: “Tazama ukutani, Mai Tafara. Siku hizi watu hawaaminiki.” Mai Tafara hutazama ukutani, akihesabu nyufa. Jana vidole vya mzee vilikosea mara tatu, akafoka: “Paswedi nitaisahauje? Si nimeweka jina la heshima la ukoo wangu!” Mai Tafara akabana kicheko. Leo asubuhi alipiga makofi ya adabu mlangoni, akamwamkia kwa jina la ukoo wake, kama mtaa mzima wa Mbare unavyomwamkia kila siku: “Umeamka salama, Mukanya?” Mzee akatabasamu, akaupapasa ufunguo wake.