Wazee wetu waligawana kinu cha maji, kila mtu na jiwe lake

Wakuu, habari zenu. Wengi hapa mnaniita "bro", na mimi ni nyanya ya watu huku Chepsaita. Sijakasirika.

Kuna mtu ameuliza kama zile kinu za maji za zamani zilikuwa zinasaga kweli ama ni story tu. Zilisaga. Hii ya kwetu niliiona na haya macho, na kwa umri wangu nidanganye ndio nipate nini?

Ilikuwa ile miaka baada ya uhuru. Mzungu aliuza shamba, wazee wetu wakaungana kikundi wakalinunua. Kinu tukaikuta hapo mtoni.

Maji yalitolewa mtoni kwa mfereji mrefu, yakaangukia gurudumu kubwa la mbao, gurudumu likazungusha jiwe.

Mawe ni mawili. La chini halisongi. La juu lina tundu katikati, nafaka inaingilia hapo. Yote yamechongwa mistari, na ikipishana inakata kama makasi. Moja bila lenzake ni jiwe tu.

Mama yangu alisaga wimbi, yaani ulezi, maisha yake yote akiwa amepiga magoti, mpaka magoti yakaota sugu. Siku aliona unga ikitoka yenyewe, alilia. Akasema, "Sasa nitapumzika."

Wueh! Alisema mapema.

Shamba likapimwa kwa kamba, kila mtu kipande chake. Sasa swali, na kinu ni ya nani? Wakabishana kutwa nzima. Mwishowe wakaona haki ni kugawa.

Baba akapewa jiwe la chini. Jirani yetu Mzee Kirwa akapewa la juu. Gurudumu likaenda kwa mwingine, akatengeneza milango. Wakasalimiana kwa mikono, wameridhika kabisa!

Mama akauliza, "Na mtasagia nini?"

Baba akamjibu, "Angalau hakuna mtu amedhulumiwa."

Jiwe la Kirwa likawekwa mlangoni kwake, watu wanalikanyaga wakiingia. Mama akarudi kwa magoti. Kila akipita pale analiangalia, anaguna.

Nikakua. Kijana wa Kirwa akanipenda, na mimi nikampenda, sifichi. Wazee wakaja kuongea mahari, wanaume wakapatana ng'ombe vizuri.

Mama, ambaye hakuna mtu alimuuliza kitu, akaita kutoka jikoni: "Ng'ombe ni zenu. Mimi nataka lile jiwe la mlangoni. Bila hilo, msichana haendi."

Mzee Kirwa akacheka, akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Mimi roho mkononi, kwa sababu huyo mama namjua.

Likaletwa likiburutwa na ng'ombe. Vijana wakalipandisha juu ya lenzake hapo uani kwetu, likakaa sawasawa. Mama akamwaga wimbi kidogo kwa tundu, akasukuma kwa mikono. Wapi! Halikusonga.

Akaangalia upande wa mto. Mfereji ulishalimwa zamani, kila mtu amepanda mahindi kwa kipande chake.

Nilidhani atalia tena. Akazoa wimbi yake yote, akaingia jikoni, akapiga magoti, akasaga ya kupikia wageni wa harusi yangu.

Hiyo iliniuma, na bado inaniuma. Posho mill, ile mashine ya dizeli ya kusaga unga, ilikuja center baadaye, Mama akiwa ameshazikwa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kuna vitu vya kugawana vipande, na kuna vya kugawana zamu. Wangesaga kwa zamu, hakuna mtu angepoteza kitu. Baba hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kudhulumiwa, na hiyo uoga ikatudhulumu sisi sote.

Sasa mbona naandika leo? Watoto wa kaka zangu wanagawana shamba. Surveyor yuko hapa na kamba yake. Asubuhi mmoja ameniuliza, kwa heshima kabisa, "Auntie, haya mawe mawili, nani achukue gani?"

Nimeyakalia nikiandika hii. Chai wataniletea hapa hapa.

Kwenu mligawana nini ambacho hakikufaa kukatwa? Semeni, nitasoma zote. Mimi sitoki hapa.