Nilianza Upande wa Kushoto

Saa tisa na dakika kumi alasiri, askari alimsimamisha kaka yangu Paluku mbele ya nyumba yetu, Butembo, akadai dola ishirini. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu cha picha cha wapiganaji wa Kijapani, cha Kiingereza, kilichofika dukani kwa baba kikiwa kimetiwa kati ya vikombe visivunjike. Maneno sikuyajua. Nilifuata picha, kushoto kwenda kulia, na humo watu waliokatwa waliinuka, damu ikawarudia mwilini.

Mama alitoka na pesa kwenye ncha ya kitenge, akinukia moshi na mboga ya sombe. Nilimshika nguo.

“Mama, usimupatie. Yaya Paluku atasimama tena.”

“Achilia, Masika. Achilia, mutoto wangu.”

Sikuachilia. Bunduki ililia mara moja. Paluku alianguka, nami nikakaa kando yake nikisubiri ainuke.

Juzi, hapa Beni, mwanangu alikuwa na kitabu cha namna ile, amekifungua kutoka nyuma.

“Mama, hii banasomaka kuanzia droite.”

Nikakisoma alivyonionyesha, kulia kwenda kushoto. Hakuna aliyeinuka.

Jioni ile Paluku alipouawa, mama alifungua fundo la kitenge chake. Dola ishirini zilikuwamo zote.