Kufuli Lililoonekana Makoko Tu

Simu ya mwalimu mkuu mmoja huko Bunda ilituita wezi.

Mimi nimesimama pale pale mbele yake, na sampuli ya dagaa mkononi.

Wezi! Akina mama wa Makoko hapa Musoma, ambao dhambi yetu kubwa ni kusengenya!

Ngoja nieleze. Naitwa Pelagia. Shule nimeishia la saba, meno nimeishia nusu.

Kikundi chetu tunakaushaga dagaa kwenye chanja, dagaa safi, huumi mchanga. Rafiki yangu Sabina, tuliyepata naye kipaimara Nyegina, ni mtunza stoo wa shule ya bweni Bunda. Alitupigania mpaka mkuu wake akakubali kuchukua dagaa kwetu mwaka mzima. Sharti moja tu: oda inawekwa kwenye tovuti, ndio utaratibu wao.

Tovuti tulikuwa nayo. Alitutengenezea Gody, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu ananyonya, sasa ana ndevu.

Shida ni kwamba ukiifungua inaandika: si salama.

"Inataka cheti, mama mkubwa."

"Kumbe na tovuti zinasomaga?"

"Cheti cha usalama. Nitakitengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani."

Akafungua laptop. Ndani ya ile laptop akatengeneza mashine nyingine, ya kutoa hivyo vyeti.

"Iko wapi? Mbona siioni?"

"Imo humu. Haina mwili."

"Haina mwili, na inaishi ndani ya mwenzake? Gody, hiyo tunaipeleka kwa padri."

Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Jumuiya yetu ya kanisa iliposali nyumbani kwa jirani Marieta, Gody akaja akakusanya simu zetu zote. Akaingiza kitu kwenye kila moja. Yangu ilileta onyo refu, akalifuta kwa kidole gumba kabla sijatafuta miwani.

"Umeweka nini?"

"Mhuri wangu. Ile mashine ndiyo inagonga mhuri kwenye tovuti, sasa simu zenu zitautambua."

"Na simu za Bunda?"

"Mama mkubwa, na wewe! Fungua tovuti."

Nikafungua. Lile onyo halipo. Kufuli hilo hapo, alama kwamba ni salama, dogo kama punje ya ulezi. Hilda, mwenzetu wa kikundi, akapiga vigelegele, wengine wakadakia, katekista naye akaonyesha la kwake. Gody akatupiga picha tumenyanyua simu juu kama mishumaa ya Pasaka.

Kuanzia siku hiyo akaitwa Injinia. Alikuwa anawekewa kiti.

Tukasubiri oda. Kimya.

Sabina akapiga: "Pelagia, tovuti yenu inakataa. Inatisha watu."

Nikawaambia wenzangu. Tukafungua simu zote. Kufuli lipo, kwa kila mtu!

"Sabina ana roho mbaya huyo," Hilda akasema. "Amepata wengine wa kumpa chochote."

"Mtandao wa Bunda mbovu," Gody akasema, anakunywa soda yetu.

Wakamtoa Sabina kwenye grupu la WhatsApp, na maneno juu. Nikawaambia ngojeni kwanza nikaone. Nani amsikilize kibibi? Nikapanda gari kwenda Bunda.

Mwalimu mkuu akafungua simu yake mbele yangu. Ukurasa mwekundu: wezi wanaweza kukuibia taarifa zako hapa.

Nikafungua ya kwangu. Kufuli.

Nikaomba ya karani. Nyekundu. Ya mlinzi getini. Nyekundu.

"Mama," mwalimu akasema kwa upole, "tumeshachukua kikundi cha Kiriba."

Sabina alikuwa mlangoni. Hakunisalimia, akanipa mgongo.

Niliporudi Makoko nilimkuta Gody kwenye kiti chake.

"Ulijua?"

Akaangalia chini. "Kile kilikuwa cha majaribio. Cha kweli kinatolewa na watu wanaoaminika dunia nzima. Bure."

"Bure! Sasa kwa nini hukukichukua?"

"Mlishashangilia, mama mkubwa. Ningesemaje kwamba bado?"

Mvua ikatukuta na magunia. Dagaa wakaota ukungu, tukawafukia. Hilda alilia kama amefukia mtu. Gody aliniachia ile laptop chini ya kitanda, akaenda Butiama kutafuta kazi.

Siku moja nikapigiwa simu.

"Shikamoo bibi. Naitwa Jenoveva, niko ofisi moja hapa Butiama. Gody amekuandika wewe kama mdhamini wake. Ametuletea picha ya akina mama wanashangilia kazi yake. Ni kweli aliifanya vizuri?"

Nikamkumbuka mdogo wangu, alivyonikabidhi kale katoto. Halafu nikakumbuka mgongo wa Sabina.

"Marahaba mwanangu. Vizuri sana! Kwangu kufuli naliona hata sasa hivi. Hebu na wewe fungua tovuti yetu kwa simu yako."

Nikamsikia anabonyeza.

"Bibi… mbona hii inasema wezi?"

"Eeh. Muulize Injinia."

Sikusema uongo hata neno moja. Padri alicheka nilipomweleza, halafu akanipa kitubio kirefu.

Kazi hakupata. Nyumbani hajarudi. Sabina hapokei simu yangu. Kufuli bado lipo, na huwa nafungua tovuti nalitazama.

Wewe unayesoma hapa, ukitengeneza kitu usiwaulize wa nyumbani kwako kama kinafaa. Sisi tuliulizana wenyewe kwa wenyewe, na wote tulikuwa tumegongwa mhuri mmoja. Mpe mtu asiyekujua akifungue, na akikwambia kibaya, usimtoe kwenye grupu.