Jakuzi Lililomliza Mume Wangu

Siku mume wangu alipolikumbatia jakuzi dukani na kulia mbele ya watu, mimi nilikuwa nimeshafungasha.

Begi liko chini ya kitanda, zipu imefungwa. Nilikuwa nahamia kwa mdogo wangu, na sikuwa na mpango wa kurudi.

Nitasimulia taratibu, maana hata kusimulia kwenyewe kunachosha.

Mimi nasimamia chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka, taulo, mvuke, kusimama kutwa. Jioni miguu inakuwa si yangu tena, naivuta tu ije nyumbani.

Mume wangu amestaafu. Ujana wake wote uliishia kwenye machimbo, akiendesha mashine ya kusaga mawe. Mtaani wanamwita Kokoto. Mgongo wake umechakaa, akiinama kufunga viatu anaugulia kama mzazi.

Sasa binti yetu, kifungua mimba, anafanya kazi nchi ya mbali. Akatupigia simu.

"Mama, wewe miguu, baba mgongo. Nawanunulia jakuzi mliweke uani. Lile la maji ya moto yanayosukuma. Kazi yenu kuchagua tu."

Kuchagua tu! Laiti angejua.

Mimi nilitaka maji, moto na kimya. Basi. Nikae humo nifumbe macho, mtu asinisemeshe.

Mume wangu akasema, "Liwe na muziki."

"Muziki wa nini, baba? Redio si ipo?"

Akanyanyuka, akatoka nje. Kama vile sijasema kitu.

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, ndugu zangu. Nauliza, hajibu. Nasimulia yaliyonikuta kazini, namkuta anaangalia dirisha. Siku akijibu, anajibu kingine kabisa. Namwambia chumvi imeisha, yeye ananiambia mvua haitanyesha.

Nikachoka kuongea na ukuta. Nikaacha. Nyumba ikawa kama ya wapangaji wawili wasiojuana.

Na simu je? Alikuwa hapokei tena. Ikiita anaitazama, anaikata, halafu anaandika meseji. Anaandika huku anatabasamu. Na mchana anaaga anakwenda "mjini", anarudi hasemi alikotoka.

Mdogo wangu nilipomsimulia aliguna.

"Dada, mwanaume akianza kuandika badala ya kuongea, ujue ana mtu. Nyumba yangu ina chumba. Njoo."

Ndiyo begi hilo. Nilisema moyoni, acha nimalize hili la mtoto, jakuzi lipatikane, asije akasema mama kamwangusha. Likishafungwa tu, naondoka.

Tukazunguka maduka. Mnasema nyumba ndogo inamaliza wanaume? Wangu alikuwa amemalizwa na spika. Kila duka Kokoto anauliza swali lilelile: "Muziki unatokea wapi?" Hana habari na bei wala pampu. Akionyeshwa, anaweka kiganja juu ya spika, anatikisa kichwa, tunaondoka.

Mimi huku nyuma nasaga meno, miguu inawaka.

Duka la mwisho lilikuwa na majakuzi matatu yamejazwa maji kabisa, ili mteja ajaribu. Msichana wa hapo, mchangamfu, akatupokea.

"Karibu mama. Shikamoo mzee."

"Nzuri tu," akajibu Kokoto.

Msichana akacheka, akadhani ni utani. Mimi nikatazama chini kwa aibu. Nikasema kimoyomoyo, hata salamu ya mtoto wa watu siku hizi inamshinda.

Tukaanza na la kwanza. Ukibonyeza kitufe, spika mbili zinachomoza zenyewe ukingoni. Sauti kali, safi. Mume wangu akaweka kiganja. Hapana.

La pili spika zake zimezamishwa ukingoni, na ile ya besi, ya mdundo mzito, iko chini ya kiti. Hapo Kokoto akasimama kidogo. Akaanza kutikisa kichwa kufuata muziki, taratibu, kama mtu aliyenogewa.

Simu ya dukani ikaita. Msichana akazima muziki, akaenda kupokea.

Kukawa kimya.

Mume wangu akaendelea kutikisa kichwa.

Nikamwangalia. Nikadhani anaigiza. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo cha jakuzi, pale panapowaka taa za rangi, na kichwa kilikuwa kinazifuata hizo taa. Muziki hakuna, yeye anacheza.

Nililiona hilo. Sikuliuliza. Nilikuwa nimechoka mno kuuliza.

Msichana akarudi, akatupeleka kwenye la tatu.

"Hili spika zake huzioni, mama. Zimebandikwa kwa nyuma, kwa hiyo beseni lenyewe ndilo linatikisika na kutoa sauti. Ila nisikudanganye, wengi hawalipendi. Sauti yake imefifia."

Akawasha. Kweli, ilikuwa kama redio iliyofunikwa na mto. Mbovu kuliko zote.

Kokoto akaweka kiganja.

Akaganda.

Akaweka na cha pili. Kisha, mtu mwenye mgongo mbovu vile, akapiga magoti sakafuni, akalikumbatia lile beseni, akalaza kifua na shavu. Akafumba macho. Machozi yakaanza kumtiririka.

Wateja wengine wakageuka kutazama. Mwingine akashika mdomo.

Nami aibu ikanipanda, na uchovu wote wa maisha ukapanda nayo. Jamani, mimi ndiye wa kulia! Mimi ndiye ninayeongea na kuta!

Nikasimama nyuma yake nikayamwaga.

"Baba, mimi nakuacha. Nimeshafungasha. Baki na muziki wako, na huyo unayemwandikia."

Sikunong'ona. Msichana wa duka alibaki na mkono hewani, mdomo wazi.

Mume wangu hakugeuka.

Sikilizeni. Mtu anayekupuuza, hata awe jeuri kiasi gani, bega lake linashtuka. Shingo inakaza. Nimelala na huyu mtu maisha yangu yote, nazijua hasira zake na nakijua kiburi chake.

Bega lilikuwa limetulia kama la mtoto aliyelala.

Nikaita tena. Nikapaza. Hakuna.

Nikazunguka jakuzi lile nikisaidiwa na ukingo wake, nikachuchumaa mbele ya uso wake. Nikamgusa mkono. Akafumbua macho, akanitazama mdomoni. Ndiyo, mdomoni.

"Husikii?" nikamuuliza.

Akajaribu kutabasamu. "Nasikia. Hili zuri."

"Baba. Husikii?"

Tabasamu likakatika. Alikaa hivyo, machozi yanaendelea kushuka yenyewe, kama bomba lililoharibika.

"Lilianza sikio moja," akasema. "Bado niko kazini. Halafu na la pili likafuata. Mashine, mama. Daktari anasema ile mashine imekula yote, hayarudi."

"Kwa hiyo huko mjini..."

"Hospitali."

"Na meseji?"

"Naongea na mtoto kwa meseji. Nitampokeaje? Nitasikia nini?"

Nikakaa chini palepale sakafuni. Msichana wa duka akazima muziki. Mume wangu, mikono yake ikiwa bado juu ya beseni, akainua kichwa upesi.

"Mbona mmezima?"

Ndipo na mimi nikalia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza, nikitamka polepole anione mdomo.

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Masikio ya baba yangu yalipoziba, watu walianza kumsema akiwa amekaa palepale. Mama yangu naye. 'Huyo hasikii, endeleeni.' Mzee wa watu akawa kama kiti. Nikasema, mimi nitajifanya mkorofi. Mkorofi angalau anaogopwa."

Nikamsaidia kunyanyuka.

Tulilichukua lilelile la sauti mbovu. Msichana alitusindikiza hadi nje, akaninong'oneza, "Mama, yale maneno uliyosema, mimi pia sikuyasikia." Nikamshika mkono.

Nyumbani nikaona siwezi kulala na siri. Nikaketi mbele yake, taa imewaka, nikamwambia kila kitu. Nilichosema mgongoni kwake. Mdogo wangu. Begi.

"Nililiona begi," akasema. "Masikio ndiyo yamekufa, macho yapo."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kila nikitaka kusema naona umechoka, nasema kesho."

Na kweli nilikuwa nimechoka. Alikuwa hajakosea.

Mafundi walikuja wakalifunga uani. Nisiwadanganye, mambo hayajawa asali. Kurudia neno mara kwa mara kunachosha. Naongea nikiwa jikoni halafu nakumbuka naongea peke yangu, nakausha mikono, namfuata alipo. Kuna siku nanuna. Kuna siku ananuna yeye, anasema natamka kama nafundisha chekechea. Mdogo wangu aliponipigia kuuliza nafika lini, nilimwambia apangishe kile chumba.

Jioni moja tumeingia majini wote wawili. Simu yangu nilikuwa nimeiunganisha na jakuzi ili imchezee miziki yake. Binti akapiga, nikabonyeza kupokea, kumbe simu imeshapeleka sauti kwenye jakuzi. Sauti ya mtoto ikatokea kila upande wa beseni, nzito, imefifia, maneno kidogo hata mimi yananipita.

Kokoto akashtuka. Akanitazama. Nikatamka bila sauti: mtoto wako.

Akaegemeza mgongo wote kwenye ukuta wa beseni, viganja vimetandazwa kila upande. Akatulia.

Mtoto akasimulia mambo yake ya kazini, bosi wake, majirani zake. Mimi naitikia. Baba yake uso umekaza kama anayesoma maandishi madogo. Halafu binti akafika kwenye kitu cha kuchekesha, akaangua kicheko.

Mume wangu akacheka kabla yangu.

"Amecheka, eti?" akaniuliza, macho yamemtoka. "Si amecheka?"

"Amecheka, baba."

Kule mbali mtoto, aliyezoea meseji tu za baba yake, akakatiza kicheko. "Mama, huyo ni baba? Baba yuko kwenye simu?"

Sina mahubiri marefu, kesho naingia kazini alfajiri na miguu ni ileile. Ila hili mlichukue. Mtu wako akibadilika akawa kimya, kabla hujamtafutia mwanamke, mtafutie maradhi. Na usimuulize ukiwa umempa kisogo, huku unaosha vyombo. Zima moto, futa mikono, kaa mbele yake akuone uso. Halafu uwe na subira ya jibu, hata kama umechoka.